Je, Kazi ya Kichinjioni Inatosha Kuwa Mazoezi?

Mtaa wa Kiamaiko, katika Kaunti Ndogo ya Mathare, huamka mapema kuliko mitaa mingi ya Nairobi. Alfajiri mbuzi walioletwa kwa malori kutoka Marsabit, Isiolo na sehemu nyingine za kaskazini huwa tayari wako zizini, wachinjaji wananoa visu, na vijana wanangoja zamu ya kubeba mizoga hadi kwa wateja. Kina mama wanaosafisha matumbo hufanya hivyo kwa maji waliyoyabeba wenyewe, mtungi mmoja baada ya mwingine. Ifikapo saa nne, wengi wao wamekwisha kutoka jasho ambalo mfanyakazi wa ofisini hatalitoa kwa wiki nzima.

Watu hawa wakiambiwa kuwa madaktari wanashauri mazoezi, hucheka. Mazoezi ya nini tena, na mtu amebeba mbuzi tangu alfajiri? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la kweli, kwa sababu jibu lenyewe si rahisi kama wengi wanavyodhani. Na wako wakazi wengine wa Kiamaiko ambao kazi yao ni ya kuketi: dereva wa matatu, fundi wa cherehani, mwenye duka la M-Pesa, mwendeshaji wa bodaboda, mama anayeuza mboga akiwa juu ya kiti kuanzia asubuhi hadi taa zinapowashwa. Kwa hao, suala ni tofauti kabisa.

Kinachowaunganisha wote ni presha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015, uliowahoji na kuwapima Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69, ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani. Kwa maneno mengine, wengi hujua wana ugonjwa huu siku wanapoanguka, siku upande mmoja wa mwili unapokataa kusonga, au siku figo zinapoanza kushindwa. Presha haina maumivu ya kumwonya mtu mapema. Mchinjaji mwenye kifua kipana na mikono yenye nguvu anaweza kuwa nayo kwa miaka kumi bila habari.

Jiji na mwili wa mhamiaji

Kuna utafiti mmoja wa zamani ambao kila mkazi wa Eastlands angefaa kuujua, kwa kuwa unamhusu yeye, baba yake au babu yake. Katika miaka ya 1980, daktari Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo waliokuwa wakihama kutoka vijijini karibu na Ziwa Victoria kuja Nairobi kutafuta kazi. Waliwapima presha baada ya kufika jijini, wakaendelea kuwapima kadiri miezi ilivyopita, na kuwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza.

Presha ya wahamiaji ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na tofauti hiyo ilionekana mapema, katika miezi ya kwanza ya maisha ya jijini. Mkojo wao ulionyesha kuwa walikuwa wanakula chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi, ile inayopatikana katika mboga, matunda na maharagwe. Uzito wao pia uliongezeka. Utafiti huo haukuwa wa mazoezi, na si haki kuusemesha yale usiyoyasema. Funzo lake ni kwamba miili ya watu wale haikuwa na kasoro ya kuzaliwa. Watu wa jamii moja walitofautiana kwa sababu wengine walipanda basi la Nairobi. Kilichopandishwa na namna ya kuishi kinaweza, kwa sehemu kubwa, kushushwa na namna ya kuishi.

Kondakta wa London na dereva wake

Ushahidi wa kwanza mkubwa kuhusu mazoezi na moyo ulitoka mahali ambapo mkazi wa Nairobi atapaelewa mara moja: ndani ya basi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari Jerry Morris wa Uingereza alitaka kujua kwa nini mshtuko wa moyo ulikuwa unaongezeka. Aliwachunguza wafanyakazi wa usafiri wa jiji la London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva aliketi zamu nzima, naye kondakta alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli, mamia ya vidato kila siku ya kazi. Wote wawili walitoka katika tabaka moja, wakavuta hewa moja, wakafanya kazi katika gari moja.

Matokeo yaliyotolewa mwaka 1953 yalionyesha kuwa makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva, na ulipowapata, ulielekea kuja wakiwa na umri mkubwa zaidi na kuua wachache zaidi ghafla. Morris hakuridhika haraka. Alikagua hata vipimo vya sare walizopewa kazini na kukuta kuwa viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi, jambo lililomfanya ajiulize kama tofauti ilikuwapo tangu mwanzo. Ndiyo maana aliendelea kwa miaka mingi, akawachunguza wafanyakazi wa posta, kisha watumishi wa serikali wanaoketi mezani, na kukuta kuwa wale waliofanya mazoezi ya nguvu baada ya kazi walikuwa na kinga zaidi dhidi ya mshtuko wa moyo. Morris mwenyewe alipenda mazoezi, na alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Dereva wa matatu ya Huruma na utingo wake hawako mbali na mfano huu. Utingo hukimbia, huning'inia, hushuka kila steji kuita abiria. Dereva huketi kwenye msongamano kwa saa nyingi, hula chipsi akiwa kwenye usukani, na anapofika nyumbani amechoka kana kwamba amelima ekari nzima. Uchovu huo ni wa kweli, lakini ni uchovu wa akili na mgongo. Moyo wake siku hiyo haujafanya kazi yoyote ya ziada.

Sasa jibu la mbeba mizoga

Kama kondakta alilindwa na kazi yake, basi mbeba mizoga wa Kiamaiko naye amelindwa? Hapa ndipo wengi hushangaa. Nchini Denmark, mtafiti Andreas Holtermann na wenzake waliangalia rekodi za zaidi ya watu 100,000 wa Copenhagen na kutoa matokeo mwaka 2021. Waliofanya mazoezi wakati wao wa mapumziko walipata magonjwa ya moyo kwa uchache na waliishi zaidi. Waliofanya kazi nzito sana kazini hawakupata faida hiyo. Hatari yao ilikuwa juu zaidi kuliko ya wale wa kazi nyepesi, hata baada ya kuzingatia sigara, elimu na kipato.

Wataalamu bado wanabishana kuhusu kiasi gani cha tofauti hiyo kinatokana na kazi yenyewe na kiasi gani kinatokana na umaskini unaoandamana nayo. Lakini maelezo wanayoyatoa yanaeleweka kwa yeyote aliyewahi kubeba mzigo. Kuinua kitu kizito huku pumzi imezuiwa hupandisha presha ghafla. Mbebaji hufanya hivyo mara nyingi kwa siku, kwa saa nyingi, bila uhuru wa kusimama anapochoka. Mwendo wake si wa kasi ya kutosha kuuimarisha moyo, ila ni mrefu kiasi cha kuuweka juu kutwa. Kisha usiku hulala saa chache, na alfajiri anarudi. Mazoezi humjenga mtu kwa njia mbili: juhudi fupi, halafu mapumziko ambapo mwili hujitengeneza. Kazi ya kubeba ina juhudi ndefu na mapumziko haba.

Hivyo jibu ni ndiyo na hapana. Shirika la Afya Duniani huhesabu shughuli za kazini kama sehemu ya kuushughulisha mwili, na mbeba mizoga yuko mahali pazuri kuliko anayeketi siku nzima, hasa kwa upande wa sukari na nguvu za misuli. Lakini asidhani kuwa moyo wake umekatiwa bima na kazi. Anachokosa ni mwendo mwepesi wenye mdundo, kama kutembea haraka bila mzigo au kuendesha baiskeli, pamoja na kunyoosha mgongo na mabega, na usingizi. Mtu wa aina hii akipata dakika 20 za kutembea kwa kasi mara tatu kwa wiki, katika siku au saa ambazo hajachoka mno, amefanya zaidi kwa moyo wake kuliko kuongeza mizoga miwili. Na siku ya mapumziko ni ya kupumzika. Kuigeuza kuwa siku ya chuma gym kunaweza kumletea jeraha la mgongo litakalomnyima riziki.

Kinachotokea mwilini

Moyo ni msuli. Ukizoeshwa, husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo hauhitaji kupiga mara nyingi mtu akiwa ametulia. Mishipa ya damu nayo hujifunza kutanuka: damu inapopita kwa kasi, ukuta wa mshipa hutoa kemikali inayoulegeza, na njia inapopanuka shinikizo hushuka. Presha hushuka kwa saa kadhaa baada ya mazoezi ya siku moja tu. Yakiwa ya kila wiki, kwa mtu mwenye presha ya juu, namba ya juu ya kipimo huweza kupungua kwa takriban pointi 5 hadi 8. Huenda zikaonekana chache, lakini ni kiasi kinachokaribia kile cha baadhi ya vidonge, na hazina bei dukani.

Kwa upande wa sukari, kazi kubwa hufanywa na misuli ya mapaja na makalio, ambayo ndiyo mikubwa zaidi mwilini. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Mlango huo hubaki wazi kwa siku moja au mbili, kisha hufungika tena, ndiyo sababu washauri husema siku za mapumziko zisifuatane zaidi ya mbili. Nchini Marekani, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002 uliwachukua watu waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari. Kundi moja lilipewa dawa ya metformin, na kundi jingine likasaidiwa kupunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, wengi wao kwa kutembea tu. Dawa ilipunguza visa vipya vya kisukari kwa asilimia 31. Mwendo na mlo vilipunguza kwa asilimia 58, na kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 kwa asilimia 71.

Akili hufaidika vilevile. Mazoezi ya mara kwa mara hupunguza msongo na dalili za huzuni ya muda mrefu, na huleta usingizi mzito. Katika mtaa ambako kodi ya nyumba, karo na madeni ya duka hugonga mlango kwa pamoja, hili si jambo dogo. Mifupa na misuli nayo hutunzwa: kuanzia miaka ya thelathini, mtu asiyetumia misuli yake huanza kuipoteza polepole, na mzee anayeshindwa kuinuka kwenye kiti bila kushika meza mara nyingi hana ugonjwa wa ajabu. Amepoteza misuli ya mapaja.

Kiasi gani

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima ajipatie dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya nguvu za misuli angalau siku mbili. Kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi, yaongezwe mazoezi ya kujisawazisha siku tatu ili kuzuia kuanguka. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kipimo cha mwendo wa wastani hakihitaji saa ya kisasa: mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Akiweza kuimba, aongeze hatua. Akishindwa kumaliza sentensi, amefika kwenye mwendo mkali.

Zamani ilisemwa kuwa mazoezi ya chini ya dakika kumi hayahesabiki. Mwongozo wa sasa uliondoa sharti hilo. Hili ni habari njema kwa wakazi wa maghorofa ya Huruma na Kiamaiko, ambayo mengi hayana lifti. Anayeishi orofa ya tano na kupanda mara tatu kwa siku amekwisha kuweka akiba, akipanda kwa mwendo wa haraka kidogo na bila kubeba mtungi wa lita 20. Madaraja ya waenda kwa miguu ya Outering Road nayo ni ngazi za bure; anayeyatumia badala ya kukimbia katikati ya magari hupata mazoezi na huokoa maisha yake kwa mpigo mmoja.

Ile namba ya hatua 10,000 inayotajwa kwenye simu haikutoka hospitalini. Ilianzia Japani mwaka 1965, kama jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichokuwa kinauzwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa faida kwa uhai huendelea kuongezeka hadi hatua 6,000 au 8,000 kwa waliopita miaka 60, na 8,000 hadi 10,000 kwa wenye umri mdogo zaidi, kisha hutulia. Anayetembea hatua 3,000 leo na kufika 5,000 mwezi ujao amepiga hatua kubwa, na asijione ameshindwa kwa sababu simu haijatoa sauti ya pongezi.

Wapi, lini, na nani

Wakenya wengi hudhani mazoezi ni mbio, labda kwa sababu nchi imejaa mabingwa wa mbio. Mwaka 2019 Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni jijini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na kila mtu akaona hilo ndilo zoezi. Mama wa miaka 50 mwenye uzito mkubwa na goti linalouma akianza kwa kukimbia, atasimama kabla ya wiki kuisha. Kutembea kunamtosha. Wiki ya kwanza dakika kumi, siku tano. Wiki ya pili dakika kumi na tano. Na kuendelea hivyo hadi nusu saa. Anayetoka mjini kwa matatu anaweza kushuka steji moja au mbili kabla ya yake. Nairobi tayari ni jiji la watembeaji: zaidi ya asilimia 40 ya safari zake hufanywa kwa miguu. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara iende kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Mkazi anayeona njia ya miguu imezibwa na taka au mizigo ana sera ya kuishika mkononi anapokwenda kwenye ofisi ya wadi.

Wanawake wengi husema shida yao si uvivu, ni usalama na macho ya watu. Wana haki. Njia iliyofanya kazi mahali pengi ni kutembea kwa kikundi, na Kiamaiko haina upungufu wa vikundi. Chama kinachokutana Jumapili kinaweza kukutana nusu saa mapema na kuzunguka mtaa kabla ya kuhesabu michango. Buibui au dera si kizuizi cha kutembea. Kinachohitajika ni kiatu kilichofunga kisigino na chenye soli inayopinda mbele, ambacho mitumba ya Gikomba inacho kwa wingi. Malapa ya nyumbani yaachwe nyumbani. Saa nzuri ni mapema baada ya kupambazuka au jioni kabla ya giza, na njia za ndani ni bora kuliko kando ya barabara kuu yenye moshi.

Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga hana sababu ya kuacha kabisa. Mwendo mwepesi muda mfupi kabla ya futari, au matembezi baada ya tarawehe pamoja na wenzake, huendeleza mazoea bila kumkausha mwili. Mwendo mkali wa mchana uachwe.

Mazoezi ya nguvu hayahitaji gym. Chumba cha futi kumi kwa kumi kinatosha. Kuinuka na kuketi kwenye kiti bila kutumia mikono, mara kumi, pumzika, rudia mara tatu. Kusukuma ukuta kwa mikono miwili, kisha, nguvu zikija, kusukuma kiti imara, kisha sakafu. Kusimama kwa vidole vya miguu wakati chai inachemka. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta ni zoezi la kujisawazisha kwa babu na nyanya. Chupa ya lita mbili iliyojazwa maji ni kilo mbili kamili. Kwa anayeketi kazini, iwe kwenye cherehani au kibandani, jambo la kwanza si hata zoezi, ni kuinuka. Kila nusu saa asimame, apige hatua chache, anyooshe mgongo. Wateja watazoea.

Tahadhari

Asiyejua presha yake aanze kwa kupimwa. Kituo cha afya cha Huruma Lions kiko karibu, na tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii walipoanza kupewa begi lenye mashine za kupimia presha na sukari, mtu anaweza kupimwa akiwa mlangoni pake. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, ni presha ya juu inayohitaji mhudumu wa afya. Kikifika 180 kwa 110, mazoezi yote ya nguvu yangoje hadi daktari aseme.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari atembee na peremende mfukoni na asitoke akiwa na njaa. Akianza kutetemeka, kutoka jasho baridi au kuona kizunguzungu, ale mara moja na asimame. Avae soksi na viatu visivyobana, na kila jioni aangalie nyayo, kwa kuwa kidonda asichokihisi kinaweza kumpotezea mguu. Mjamzito asiye na matatizo ya ujauzito anaweza na anafaa kutembea, baada ya kuzungumza na muuguzi wake wa kliniki.

Maumivu au mbano kifuani, hasa yakielekea bega la kushoto au taya, pumzi inayokatika kuliko juhudi inavyostahili, au kuhisi kuzirai, ni ishara za kusimama na kwenda hospitali mara moja. Si za kunywa maji ya tangawizi na kulala.

Jambo la mwisho huwakwaza wengi. Mtu hutembea miezi mitatu, presha inashuka, naye anaona hana haja ya vidonge tena. Anaviacha kimyakimya. Wiki chache baadaye presha imerudi ilikokuwa, au juu zaidi. Huenda kweli mazoezi yakafanya dozi ipunguzwe, na si ajabu ikitokea, lakini anayepunguza ni daktari, akiwa na daftari la vipimo vya wiki kadhaa mbele yake. Kwa hiyo kila kipimo kiandikwe na tarehe yake, hata kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda, na kibebwe siku ya kliniki.